Homa ilipoondoka na kuniachia maumivu ya viungo: uzoefu wangu na chikungunya Mombasa

Naandika haya kwa ajili ya mtu ambaye homa ilimtoka wiki kadhaa zilizopita, kila kipimo cha malaria kinasema hana kitu, na bado asubuhi hawezi kufunga kifungo cha shati. Mimi ni fundi wa nguo, nashona madera na kanzu, na mlipuko wa chikungunya, ugonjwa wa virusi unaoletwa na mbu, ulioanza Mombasa mwishoni mwa 2017 ulinifikia Januari 2018. Homa yenyewe haikunikalia sana. Kilichobaki kwenye viungo ndicho kilichonila mwaka, na kama kuna jambo moja ningependa msomaji aondoke nalo mapema, ni kwamba maumivu haya yana vipindi vyake. Dawa inayokufaa katika kipindi kimoja yaweza kukudhuru katika kingine. Kwa hiyo kabla ya kumeza chochote, jiulize kwanza: tangu homa inianze, nimefika wiki ya ngapi?

Ilinianza mchana nikiwa kwenye cherehani. Baridi, kisha joto, kisha kichwa, macho yakiuma kwa ndani. Kabla ya magharibi vifundo vya miguu vilikuwa vimevimba hata kukanyaga cherehani nikashindwa. Usiku ule nilikwenda chooni nikishikilia ukuta, mgongo umepinda, magoti hayanyooki. Malaria naijua, nimekua nayo, lakini haijawahi kunishika vidole. Siku mbili baadaye vikanitoka vipele kifuani na mikononi, vinawasha.

Kama wewe ndiyo kwanza unaanza kuvimba, vua pete leo hii. Yangu ya ndoa nilisema nitaivua kesho, na kufika kesho kidole kilikuwa kimefura pande zote mbili za dhahabu na ngozi imekuwa ya kung'aa. Sabuni haikusaidia, mafuta ya nazi hayakusaidia. Ilibidi twende kwa sonara aikate, na kila alipopitisha kisu chake kidogo nilikuwa nauma mtandio.

Zahanati niliyopelekwa walinitoa damu kidoleni, malaria hakuna. Wakapima taifodi, wakasema ipo kidogo. Nikadungwa sindano za antibiotiki na kupewa na dawa ya malaria juu yake, eti kwa tahadhari. Chikungunya ni virusi, antibiotiki haina kazi nayo hata moja. Pesa iliyokwenda hapo ilikuwa ya kununulia vitambaa vya mwezi ule, na sikupata nafuu ya hata kidole kimoja.

Aliyetambua ugonjwa hakuwa na koti jeupe. Ni mzee jirani yetu, mtu wa Lamu, alikuja kunijulia hali. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, halafu akakaa ananitazama ninavyoinuka kitini. "Hiyo si malaria, mwanangu," akasema. "Hiyo ndiyo ile iliyotuangusha Lamu mwaka wa 2004. Nyumba nzima ilikuwa inatembea hivyo hivyo unavyotembea wewe."

Baadaye nilisoma na kukuta mzee hakuongeza chumvi. Walipochunguza damu za watu wa kisiwa cha Lamu baada ya mlipuko ule, walikadiria kwamba watu watatu katika kila wanne walikuwa wameambukizwa. Kutoka pwani yetu ugonjwa ukavuka bahari hadi Komoro mwaka 2005, ukaingia kisiwa cha Réunion na kuwapata watu zaidi ya laki mbili na nusu, ukafika India. Na kabla ya hayo yote ulikuwa umeandikwa na madaktari kwa mara ya kwanza huku huku kwetu Afrika Mashariki, kusini mwa Tanganyika, kwenye nyanda za Makonde, mwaka 1952 na 1953. Ugonjwa wenye historia yote hiyo mlangoni petu, na bado mtu anadungwa sindano za taifodi!

Mzee aliniambia na jambo la pili. Lamu mwaka ule kulikuwa na ukame, watu wakawa wanaweka maji ndani kwa wingi, na wataalamu wamekuja kuuhusisha mlipuko ule na ukame huo. Mbu wake si yule wa malaria. Ni Aedes aegypti, mweusi mwenye madoa meupe miguuni, anauma mchana, zaidi asubuhi na alasiri, na huzaa kwenye maji yaliyotulia, safi kabisa. Mombasa nani hana mitungi? Maji ya mfereji yanakuja yanapotaka, tunanunua ya mkokoteni, tunajaza mitungi ya lita 20 na pipa. Mume wangu alimulika tochi ndani ya pipa letu la uani, viluwiluwi vikawa vinacheza juu chini. Tangu siku hiyo pipa lina kitambaa cha chandarua kilichofungwa kwa mpira mdomoni, na kila wiki tunalimwaga na kulisugua kuta, kwa sababu mayai yanagandamana na ukuta na yanaweza kukaa makavu yakisubiri maji. Na mgonjwa mwenyewe alale ndani ya chandarua hata mchana, hasa wiki ya kwanza, maana wakati huo virusi vimejaa kwenye damu na mbu anayemuuma atawapelekea wengine nyumbani.

Sasa nirudi kwenye dawa.

Wiki ile ya homa, kijana wa duka la dawa alikuwa ameshapasua kichupa cha diklofenaki, sindano ya maumivu, anidunge. Binti ya shangazi yangu, ambaye ni muuguzi, alimzuia kwa simu. Alifoka kweli kweli. Sababu yake ni hii: dengue nayo huzuka Mombasa, inaletwa na mbu yule yule, na siku za mwanzo huwezi kuzitofautisha kwa macho. Dengue inaweza kumtoa mtu damu, na diklofenaki, ibuprofeni na aspirini zinaongeza hatari hiyo. Mpaka dengue iondolewe kwa kipimo, au angalau homa iwe imekwisha kwa saa 48 bila dalili ya hatari kama maumivu makali ya tumbo, kutapika mfululizo au fizi kutoa damu, dawa ya maumivu ni parasetamoli peke yake. Kwa mtu mzima vidonge 2 vya miligramu 500 kila baada ya saa 6, visizidi 8 kwa siku, na mwenye ugonjwa wa ini aulize kwanza. Haitaondoa maumivu yote. Itakupa saa chache za kulala, na wakati ule saa chache za kulala ni mali.

Kipimo chenyewe kina wakati wake pia. Wiki ya kwanza kinachotafutwa ni kirusi chenyewe kwenye damu, na maabara za kufanya hivyo si nyingi. Kuanzia mwisho wa wiki ya kwanza zinatafutwa kingamwili aina ya IgM, ambazo hubaki kwa miezi. Karatasi ya majibu hayo iweke mahali unapoweka cheti cha kuzaliwa. Yangu ilikuja kuniokolea maelezo mengi miezi iliyofuata, maana daktari anayekuona mwezi wa tano hakuiona homa yako, anaona vidole vimevimba tu, na vidole huvimba kwa sababu chungu nzima.

Homa ilipoisha nilifua, nikapika, nikarudi kwenye cherehani. Nilidumu asubuhi moja. Wiki zile za pili na za tatu, na kuendelea hadi mwezi wa tatu hivi, ndizo watu wengi hupata nafuu polepole, na ndizo ibuprofeni na ndugu zake zina nafasi, kwa muda mfupi, baada ya chakula. Mimi nina historia ya vidonda vya tumbo, kwa hiyo daktari aliniandikia omeprazoli ya kulinda tumbo pamoja nayo. Mwenye figo mbovu, presha ya juu au mjamzito asijinunulie mwenyewe. Nasema hivi kwa sababu dukani huulizwi.

Katika kipindi hiki ndipo khalati yangu, ndugu wa mama, alipoingia matatani. Naye alikuwa ameugua, umri wake umepita 60, na ana sukari. Kuna mtu alikuwa akipitisha "dawa ya mifupa," vidonge ndani ya karatasi ya nailoni bila jina wala tarehe. Khalati alimeza, na kesho yake akaamka akakuna nazi! Mtaa mzima ukataka dawa ile. Wiki chache baadaye uso ulikuwa umejaa, anakunywa maji usiku kucha, na sukari ilipopimwa mashine haikusoma namba, iliandika tu kwamba ni juu mno. Daktari alishuku mara moja kwamba mle ndani mlikuwa na steroidi. Steroidi, prednisoloni kwa mfano, ni dawa halali ya uvimbe huu pale unapokuwa mkali, ila hutolewa kwa dozi ndogo, siku chache, ikipunguzwa hatua kwa hatua, na sukari na presha zikiangaliwa. Khalati alipoiacha ghafla viungo vilirudi vibaya kuliko mwanzo. Ukipewa kidonge kisicho na jina na kikakuponya kwa usiku mmoja, kiogope zaidi kuliko kile kisichokuponya.

Kuna na waliokimbilia klorokwini kwa sababu waliisikia redioni. Hiyo ilijaribiwa Réunion wakati wa mlipuko wao wa 2006, kwa wagonjwa wenye homa. Haikuwasaidia, na miezi kadhaa baadaye waliopewa ndio waliokuwa wakilalamika viungo zaidi.

Ramadhani ya 2018 iliingia katikati ya Mei, na kwa fundi wa nguo mwezi huo ndio mavuno. Kila mtu anataka nguo ya Idi. Mimi nilikuwa bado siwezi kutunga uzi kwenye sindano. Kidole cha shahada cha mkono wa kulia kilikuwa kimevimba kwenye fundo la kati, asubuhi hakikunjiki mpaka jua liwe limepanda, na usiku vidole vitatu vinaingia ganzi. Mkasi wa chuma wa kukatia kitambaa ulikuwa unanitoa machozi. Nilizungushia vishikio vyake vitambaa mpaka vikawa vinene, na hiyo ilisaidia kuliko nilivyotarajia: kishikio kinene hakikulazimishi kufumba ngumi. Nikafanya hivyo hivyo kwenye kijiko cha mwiko na kwenye mswaki. Kazi nyingi nilizirudisha. Wateja wengine walinielewa, wengine walidhani nimepata pesa mahali nimekuwa mvivu, na mmoja aliniambia waziwazi. Hilo liliniuma kwa namna ambayo parasetamoli haigusi. Nilikuwa nalia jikoni, tena kwa vitu vidogo, chupa ya mafuta iliyogoma kufunguka.

Daktari aliniambia nikifunga nisimeze dawa za maumivu tumbo likiwa tupu. Nilizihamishia baada ya futari, chakula kikiwa kimeshatulia, na daku parasetamoli. Mwenye dawa za lazima aulize daktari na aulize na shekhe wake, ruhusa ipo.

Baada ya Idi nikaamua kwenda kwa daktari wa viungo. Ukivuka miezi 3 na viungo bado vinavimba, usiendelee kumwona kila mtu, mtafute huyo au daktari bingwa wa magonjwa ya ndani. Kuvimba ndiko kunakoangaliwa. Kuna wanaobaki na maumivu tu bila uvimbe, na njia yao ni tofauti. Aliyezidi miaka 40, aliyeumwa sana mwanzoni, mwanamke, au aliyekuwa na matatizo ya viungo tangu zamani, ndio huchelewa zaidi kupona. Mimi nilikuwa na sifa tatu kati ya hizo.

Foleni ilikuwa ndefu na gharama haikuwa ndogo. Kipimo kimoja cha damu, anti-CCP, kilichukua pesa ya wiki nzima ya kushona, lakini nakitetea: hicho pamoja na kile cha RF ndivyo humsaidia daktari kutofautisha na baridi yabisi ya kawaida, ambayo ni ugonjwa wa maisha. Vyangu vilitoka hasi. Vipimo vya uvimbe mwilini, ESR na CRP, vilikuwa juu, na picha ya mikono haikuonyesha mfupa ulioliwa. Daktari alibonyeza fundo moja moja ya vidole, taratibu, kama mtu anayehesabu tasbihi, akaandika ni ipi inayouma na ipi iliyovimba. Kisha akaniuliza: "Mama, asubuhi unachukua muda gani mpaka mikono ikubali?" Kumbe swali hilo lina uzito. Kukakamaa kunakopita nusu saa kunaashiria uvimbe wa kweli ndani ya kiungo. Ukienda kumwona daktari, nenda na jibu lake. Mwambie na kama vidole vinaingia ganzi, maana uvimbe wa kifundo cha mkono unaweza kubana mshipa wa fahamu. Mimi nilipewa kibao cha kufungia mkono nikilala, na ganzi ikapungua.

Mtaalamu wa mazoezi alinipa kazi rahisi ambayo niliidharau kwa wiki nzima ya kwanza. Asubuhi, kabla ya chai, mikono ndani ya beseni la maji ya vuguvugu, nifumbe na kufumbua ngumi polepole. Halafu kidole gumba kiguse kila kidole. Jioni, donge la unga wa chapati nilibonyeze. Kiungo kikiwa chekundu na cha moto, barafu ndani ya kitambaa, na zoezi lipungue siku hiyo, lisiachwe. Anayelaza viungo kwa miezi akiogopa maumivu, misuli inanyauka na kiungo kinazidi kukaza. Anayejilazimisha kubeba mtungi wa maji kichwani kuthibitisha kwamba amepona, naye anarudi kitandani. Nimewaona wote wawili, tena ndani ya ukoo mmoja.

Dawa niliyoandikiwa ni methotreksati, ya kutuliza uvimbe wa viungo, pamoja na prednisoloni kidogo ya kunivusha wakati methotreksati inasubiriwa ianze kazi. Hii nitaieleza kwa kirefu kwa sababu inasaidia na inaua, kutegemea unavyoimeza. Humezwa mara moja kwa wiki. Kwa wiki, si kwa siku! Mtu akizoea kwamba dawa ni kutwa mara moja, akaimeza hivyo, inaharibu uboho na utumbo, na watu wamekufa kwa kosa hilo. Mimi nilichagua Ijumaa, na mume wangu akaiandika kwa kalamu nene juu ya paketi. Siku nyingine nameza asidi ya foliki, inayopunguza vidonda vya mdomo na kichefuchefu. Kabla ya kuanza nilipimwa damu, ini, figo, homa ya ini, kifua kikuu na ujauzito. Ujauzito ni marufuku kabisa ukiwa kwenye dawa hii, na hata mwanamume anayetaka mtoto amuulize daktari. Pombe pia hapana. Damu na ini vilipimwa tena kila baada ya wiki chache, na hiyo ni gharama ambayo watu hawaiweki kwenye hesabu: vidonge vyenyewe si ghali, vipimo ndivyo vinavyokomba. Uliza bei ya vipimo kabla hujaanza, kwa sababu kuimeza bila kupimwa ni afadhali usiimeze.

Haikufanya kazi haraka. Wiki za kwanza nilihisi kichefuchefu tu kila Jumamosi. Kisha, mvua za vuli zikikaribia, nikagundua nimekata dera zima bila kusimama kupumzisha mkono. Uvimbe ulipungua kwenye vifundo vya miguu kwanza, vidole vikafuata. Mwaka uliofuata daktari alianza kunipunguzia mpaka nikaacha. Chikungunya haina dawa inayoua kirusi chenyewe. Yote haya ni kutuliza uvimbe mpaka mwili umalize shughuli yake.

Hadi leo kukiwa na baridi ya Julai kidole kile cha shahada hunikumbusha. Mara ya kwanza niliogopa nimeambukizwa upya, daktari akasema aliyekwisha kuugua kwa kawaida hubaki na kinga ya muda mrefu sana. Ni kiungo kile kile cha zamani kinalalamika, na maji ya vuguvugu hukitosha. Kiungo kimoja kikivimba ghafla, kikawa cha moto pamoja na homa, hilo ni jambo jingine, linaweza kuwa usaha, na ni la kwenda hospitali siku hiyo hiyo.

La mwisho ni kwa aliye kwenye methotreksati sasa hivi. Tembea na karatasi yenye jina la dawa zako ndani ya mkoba. Nilipopata maambukizi ya njia ya mkojo, kituo cha karibu waliniandikia Septrin, antibiotiki ambayo kila nyumba inaijua. Septrin na methotreksati zikikutana zinaweza kuangusha chembe za damu vibaya. Nilitoa karatasi, mhudumu akaisoma, akaikata kwa kalamu ile Septrin na kuniandikia nyingine.